Marikiti ya Darajani: fuata samaki, na uwahi

Wageni wengi huingia Darajani, soko kuu la mjini Zanzibar, wakitokea kanisa la Mkunazini, palipokuwa na soko la watumwa hadi 1873, wakakwama kwenye meza za viungo za mbele. Hapo ndipo watu wanapouziwa "zafarani ya Zanzibar" kwa bei ya karanga. Zafarani hailimwi huku. Hayo ni maua mengine ya kutia rangi tu. Karafuu, mdalasini na kungumanga nunueni bila wasiwasi, ila mimi hata hizo nazifuata kwa wauzaji wa ndani, wanaotupimia wenyeji.

Lakini hasa naendea samaki. Jengo ni la 1904, enzi za Sultani Ali bin Hamoud, na waliolijenga walilijua joto: paa liko juu, upepo unapita. Adha ni sakafu. Maji ya samaki hayakauki, basi vaa viatu vya kufunika na upandishe buibui.

Mnada ni raha kuutazama. Dalali anapandisha bei mbio mbio, na wachuuzi wanamjibu kwa jicho tu. Usijitie humo; ngoja mchuuzi anunue, ukanunue kwake rejareja. Na ufunue matamvua, yale mashavu samaki anayopumulia, kabla hujauliza bei. Juzi kijana kaninadia nguru: "Mama, huyu wa alfajiri hii." Nikamfunua, matamvua kahawia. "Alfajiri ya juzi, mwanangu." Akacheka, akanitolea mwengine chini ya gunia, matamvua mekundu, jicho limetuna. Huyo nikamchukua, na akanikatia mapande bila kudai cha ziada.

Pweza mfuate siku za bamvua, maji yakikupwa mbali na watu wakiweza kuufikia mwamba. Siku za maji mafu, yasipokupwa mbali, mara nyingi utauziwa wa barafu.

Upande wa nyama sina la kusifu, nainunua kwengine. Tungule, mbatata na thomu ziko nje, bei haziandikwi popote, na ukizungumza Kiingereza zinapanda palepale. Kikapu njoo nacho, maana mifuko ya plastiki ni marufuku Zanzibar.

Ikifika saa nne asubuhi mimi nimeshatoka. Baada ya hapo ni nzi na msongamano, na nguru wa maana washachukuliwa na mahoteli.