Mtaalamu wa sarafu za Mjerumani, hapa Tabora: msiende

Jamani, hasira haijaniisha. Majuzi nilipeleka sarafu za heller 20, pesa ya enzi za Mjerumani, za mwaka 1916 alizoacha babu kwa mzee mmoja hapa mjini anayetoza watu kwa kuzikagua. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akashika ya kwanza, akaangalia picha kwenye simu yake: "Binti, hii feki. Taji lake dogo."

Feki? Sarafu zile ziligongwa hapa hapa Tabora, kwenye karakana ya reli, vita imefunga bahari na pesa haiji kutoka Ujerumani, kabla Wabelgiji hawajauteka mji Septemba 1916. Mihuri ya kugongea ilitengenezwa kwa haraka, tena si mmoja. Ndiyo maana kuna taji kubwa na taji dogo, na upande wa pili zile L mbili za HELLER kuna zenye ncha kali na kuna zilizojikunja. Katalogi zinazitaja zote! Mtu yuko Tabora, anakula hela za watu kwa kazi hiyo, halafu hajui?

Nikamwelekeza taratibu. "Wewe ndiye uje kunifundisha?" Kufumba na kufumbua kachukua limau na majivu, anaisugua, eti tuone vizuri. Ile rangi ya kahawia iliyokaa zaidi ya miaka mia ikatoka palepale. Sarafu iliyosuguliwa mkusanyaji haitaki, na mikwaruzo imepita juu ya zile L zenyewe. Nililia mbele yake.

Haki yake nimpe. Jirani yangu, baba mtu mzima tuliyeongozana naye, alikuwa na yake ambayo kila herufi inaonekana mara mbili. Mzee akaweka lenzi, akamwonyesha kuwa ule mstari wa pili ni bapa, umekaa chini na umekula unene wa herufi: muhuri ulicheza wakati wa kugonga, haukuchongwa na kosa, kwa hiyo bei haipandi. Alieleza vizuri, tena kwa adabu.

Kumbe kazi anaijua. Nilitaka kuandika nendeni, ila sarafu msiiachie mkononi mwake. Lakini nikiitazama yangu inavyong'aa, hapana. Anayejua na bado anasugua ni hatari kuliko asiyejua, na adabu anayo, ila kwa wanaume wenzake. Msiende. Nimedai hela yangu, kanijibu kazi imeshafanyika.