Begi dogo la mlimani lililonitoboa mgongo, na dukani wakaniambia kosa ni langu

Nimenyamaza vya kutosha. Begi ninalolizungumzia ni dogo, la lita arobaini hivi, lenye fremu ya alumini mgongoni na mkanda mpana wa kiunoni, lile linalouzwa kwa ajili ya safari za siku kadhaa milimani. Rangi na idadi ya mifuko mtajionea wenyewe. Mimi nina neno na sehemu moja tu, isiyozidi upana wa kidole gumba: kile kimfuko cha kitambaa kilichoko chini kabisa, upande wa mgongoni, ambamo ncha ya fremu inatakiwa kukaa.

Kilitoboka. Tulikuwa kwenye mteremko mrefu wa mawe, mahali ambapo kurudi ni mbali kuliko kuendelea, na ncha ya alumini ikapenya nje ikaanza kunichoma kiunoni kwa nyuma, pale mfupa unapokaribiana na ngozi. Kwanza nilidhani kona ya jiko la gesi imehama. Nikashusha begi, nikatoa vitu, nikavipanga upya, nikavaa, tukaondoka. Hatua chache tu, maumivu yale yale, pale pale. Niliposhusha mara nyingine nikapapasa kwa vidole ndipo nilipokikuta chuma kimechomoza, kitambaa kimekatika kwa mviringo uliolingana kabisa na ncha yenyewe, nyuzi zimesimama pembeni. Chuma kilikuwa na makali. Yaani hata kukisugua ncha ikawa butu kabla ya kukiingiza humo hawakusugua. Nilipovua shati jioni lilikuwa na damu.

Kuna watu watasema ni tundu tu, si ungeshona? Sikilizeni kwanza. Kazi ya fremu ni kuuchukua uzito kutoka juu ya begi na kuuteremsha mpaka kwenye mkanda wa kiunoni, na mkanda uupeleke kwenye nyonga, halafu miguu ibebe. Begi lililokaa sawasawa huweka nyongani karibu asilimia 80 ya mzigo. Wauzaji wenyewe ndivyo wanavyotuambia. Sasa fremu ikishakosa pa kusimamia chini, inateleza, begi linajikunja katikati, na mkanda unabaki umefungwa kiunoni bila kubeba chochote. Uzito wote unahamia mabegani. Nilikaza mkanda mpaka pumzi ikawa shida, begi likaendelea kunivuta nyuma.

Na haya si mambo mapya yanayohitaji utafiti. Dick Kelty, Mmarekani aliyeanza kuuza mabegi ya fremu ya alumini mwaka 1952, ni mmoja wa waliotufanya tujue kwamba mzigo wa mlimani hubebwa na nyonga. Miaka yote hiyo, halafu leo mtu anatengeneza begi anaiachia ncha ya chuma ishikiliwe na kitambaa kisicho hata na kiraka!

Niliikunja soksi nene nikaivisha ile ncha, nikazungushia utepe wa gundi mara nyingi, nikaweka kipande cha mkeka wa kulalia kati ya begi na mgongo. Ilisaidia kidogo, kisha utepe ukalowa jasho ukaachia. Mwenzangu akachukua hema langu na nusu ya chakula. Hapo ndipo hasira yangu ilipo hasa. Mwenzangu ana goti bovu, alikuwa anateremka akiegemea fimbo, na bado alibeba kilo zangu juu ya zake kwa sababu ya kushona kwa uvivu kwa mtu asiyemjua. Jioni goti lilikuwa limevimba. Nililikandakanda kwa maji ya baridi huku nikilitazama lile begi pale mlangoni mwa hema na kutamani kulisukuma bondeni.

Tuliporudi nililifuta vumbi nikalipeleka dukani. Nilikwenda kwa adabu kabisa, nimebeba risiti na karatasi ya waranti, na nimeacha ncha ya chuma ikionekana ili nisihitaji maneno mengi. Yule mhudumu hakuigusa. Alishika zipu, akaifungua, akaifunga, akaifungua tena, akasema, "Lakini dada, linafungwa vizuri tu." Nikamwonyesha tundu. Akaniuliza nilibeba nini. Nikamwambia: hema, begi la kulalia, chakula, maji, nguo za baridi. Akacheka kidogo kwa puani. "Hili ni begi dogo, dada yangu. Wewe umelibebesha mzigo wa begi kubwa."

Nikaichukua karatasi yao wenyewe, ile iliyokuwa imening'inia kwenye mkanda siku ninanunua, nikamsomea mahali walipoandika kwamba linabeba kilo 13. Wangu ulikuwa kama kilo 11, nilikuwa nimepima nyumbani. Akasema hayo ni makadirio tu. Makadirio! Nikamwomba nionane na msimamizi wake, akasema hayupo. Nikajaza fomu ya madai, akaipokea bila kuisoma akaiweka chini ya kikombe chake cha chai.

Maneno ya yule mtu ndiyo yaliyonifanya niandike, maana si yeye peke yake anayefikiri hivyo. Watu wanachukulia kwamba begi dogo ni begi la mzigo mwepesi, kwa hiyo fremu yake si lazima iwe fremu kweli. Lita hupima nafasi, hazipimi uzito. Begi la kulalia la manyoya linaweza kula robo ya begi zima na lisifikishe kilo moja, wakati maji ya lita tatu ni kilo tatu kamili na yamekaa kwenye kona. Anayekwenda na begi dogo ameacha nyumbani vitu vikubwa vyepesi. Chakula, maji na gesi hajaviacha. Kinachobaki kimeshindiliwa na ni kizito. Begi dogo la siku nyingi linahitaji mhimili imara sawa na kubwa, pengine zaidi, kwa sababu halina sponji nene ya kukuficha maumivu.

Tena mabegi mengi madogo yana vile vikanda viwili vya juu ya mabega, vinavyotakiwa kupanda kama digrii 45 kuelekea fremu ili vilivute begi karibu na mwili. Fremu ikiwa fupi, haivuki mabega, vikanda vinalala bapa na havivuti kitu. Vimeshonwa hapo ili picha ipendeze.

Hili langu, lazima niseme ukweli, vikanda vyake vinafanya kazi. Na hapa ndipo ninapochanganyikiwa, maana kabla ya lile tundu sijawahi kuvaa begi lililokaa mwilini mwangu namna ile. Mgongo wangu ni mfupi. Nikipima kutoka kile kifupa kinachotokeza shingoni ukiinamisha kichwa, kushuka hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga, mabegi mengi yananizidi, mkanda unaishia kwenye makalio. Hili unasogeza mikanda yake ya mabega juu au chini mpaka mkanda ukae palepale juu ya nyonga, katikati ya mkanda ikiwa juu ya mfupa. Siku za mwanzo za safari nilipanda bila kushika mikanda ya mabega hata mara moja, na kidole kilipita kati ya mkanda na bega. Nilimwambia mwenzangu kwamba nimepata begi la maisha. Nilimaanisha.

Juzi nimelipeleka kwa fundi viatu. Hakuuliza maswali. Aliipiga msasa ncha ya alumini ikawa butu, akaivisha kifuniko cha mpira, akakata kipande cha mkanda wa usalama wa gari akakishona juu ya tundu, mistari minne ya nyuzi nene, ndani na nje. Nikalijaza mzigo ule ule, hata nikauzidisha kidogo kwa makusudi, nikapanda nalo kilimani kutwa nzima. Halikusogea. Uzito ulikaa nyongani, mabega yakawa huru.

Kwa hiyo begi ni zuri? Nilianza kuandika nikiwa na nia ya kusema msiliguse. Sasa naona nikisema hivyo nitamnyima mtu mwenye mgongo mfupi kama wangu kitu ambacho kingemfaa sana. Lakini ninapokumbuka kwamba kilichohitajika ni kiraka kimoja na msasa wa dakika chache, na kwamba kiwanda kizima kimeshindwa kazi ambayo fundi mmoja ameimaliza akiwa amekaa kwenye kigoda, damu inanichemka upya. Kutulia kwenye hili siwezi. Msilinunue kama lilivyo. Mkilinunua, lipitisheni kwa fundi kabla halijaona mlima.

Na mkiwa dukani, begi lolote lile, msikubali kulijaribu tupu au limejazwa karatasi. Ombeni waweke kilo kumi ndani, tembeeni nalo, pandeni na kushuka ngazi. Kisha livueni, ingizeni mkono, muifuate fremu mpaka chini na mkandamize ncha yake kwa kidole gumba kwa nguvu zote. Mkiisikia ncha kupitia kitambaa, lirudisheni kwenye rafu. Angalieni pia mkanda wa kiunoni umeungana na fremu yenyewe au umeshonwa kwenye kitambaa tu. Muuzaji akikunja uso, akunje.

Fomu yangu ya madai bado iko kwao. Sitaki begi jingine, hili limeshatengenezwa. Nataka gharama ya fundi, na nataka yule mhudumu ampigie simu mwenzangu amwombe radhi kwa ajili ya goti. Namba yangu ameandikiwa kwenye fomu, juu kabisa, kwa herufi kubwa.