Mkoba wa Bottega Veneta mkononi mwa fundi wa Mombasa

Binamu yangu anayeishi Milano aliniletea Veneta, ule mkoba wa begani wa Bottega Veneta, kampuni ya mikoba ya Italia, aliokuwa ameununua mtumba. Kabla hata ya kuuvaa begani niliufungua zipu nikaugeuza ndani nje. Kazi yangu ni kushona na kutengeneza mikoba, na mkoba husema ukweli wake ndani, pale fundi alipodhani hatatazama mtu.

Huu hauna cha kuficha. Bitana ni ngozi ya swedi, ile yenye uso laini kama mahameli, mishono imekaa sawa hata penye kona, ambapo wengi wetu huharakisha. Nje hakuna jina wala nembo. Jina lipo ndani tu, kwenye kibandiko kidogo cha ngozi. Kinachoonekana ni msuko mtupu: mikanda ya ngozi laini ya mwanakondoo, upana wake kama sentimita moja, imepita mshazari chini na juu, chini na juu. Wenyewe huuita intrecciato. Nimeubonyeza kwa kidole gumba, nikauvuta huku na huku, na msuko ukarudi mahali pake bila kuacha nafasi.

Asili ya msuko huo ndiyo iliyonifanya niipende nyumba hii ya mitindo. Michele Taddei na Renzo Zengiaro walianzisha karakana yao mwaka 1966 huko Vicenza, kaskazini mashariki mwa Italia. Mkoa huo una viwanda vikubwa vya kutengeneza ngozi pale Arzignano, kwa hiyo ngozi haikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa cherehani. Za eneo lile zilikuwa za kushonea nguo, na ngozi nene zilishindwa nayo. Ikabidi watumie ngozi nyembamba, na ngozi nyembamba peke yake haivumilii mzigo, basi wakaichana mikanda na kuisuka ipate nguvu. Fundi yeyote aliyewahi kuvunja sindano juu ya ngozi ya ng'ombe ataelewa kwa nini hadithi hii imenigusa. Pambo linalosifiwa dunia nzima lilianza kama dawa ya mashine dhaifu.

Sisi tuliolelewa na watu wa ukili tunajua jambo moja kuhusu mkeka: husukwa kwa vipande virefu kisha vikaungwa kwa uzi, na ukichakaa, huanza kuachia kwenye maungio yale. Mkoba wao uitwao Cabat umelikwepa jambo hilo kabisa. Husukwa kwa mkono kulizunguka umbo la mbao, ngozi ikiwa na uso mzuri pande zote mbili, hauna bitana na hauna mshono wa kuunga pande. Mafundi wawili huchukua kama siku mbili kuumaliza mmoja. Cabat siwezi kuununua, lakini ningelipa kiingilio nikae pembeni niwatazame wakiusuka.

Nyumba yenyewe imepitia misukosuko. Miaka ya 1970 walitangaza kwa maneno yaliyosema kwamba herufi za mwanzo za jina lako mwenyewe zinatosha, na msanii wa Marekani Andy Warhol alikuwa mteja wa duka lao la New York. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 walikuwa wamesahau msimamo huo, wakaanza kuweka nembo kama wengine, na biashara ikayumba. Mwaka 2001 Gucci Group ikainunua na kumleta Tomas Maier, mbunifu Mjerumani. Alifuta nembo, akarudisha msuko mbele, na Cabat ni kazi ya kipindi chake. Veneta yangu pia ni ya enzi hizo, na kwa maoni yangu huo ndio wakati wao bora. Mbunifu Daniel Lee, aliyeshika usukani 2018, aliipanua mikanda ikawa minene na mikubwa. Ilipendwa sana na vijana. Mimi naona mkanda mwembamba unakaa vizuri zaidi mwilini.

Kwa anayetaka kununua: mpya ni pesa nyingi mno, maelfu ya yuro, na sitamshauri mtu akope kwa ajili ya mkoba. Mtumba ndiyo njia. Sukuma ukucha taratibu chini ya mkanda. Feki nyingi zinazopita mikononi mwangu msuko wake umepigwa chapa tu juu ya ngozi bandia, au ni vipande vifupi vilivyobandikwa kwa gundi, na ukucha utakwama hapo hapo. Tazama pia kona za chini na mahali bega linapobeba uzito, kwani ngozi ya mwanakondoo huchunika upesi.

Pwani yetu ina unyevu. Usiufungie kwenye mfuko wa plastiki, utaota ukungu. Ujaze karatasi, uufunike kwa kitambaa cha pamba, uache upate hewa, na usiupake kiwi. Mkanda ukikatika, usikubali fundi aubandike kwa gundi juu. Mwambie autoe wote na kupitisha mwingine kwa njia ile ile. Kwa baadhi ya mikoba mipya, tangu 2022 wenyewe hutoa cheti cha matengenezo ya bure yasiyo na kikomo cha muda. Mikoba ya zamani kama huu haimo, lakini kwa msuko uliofungwa hivi sijaona bado pa kutia sindano.