Safari ya mandhari kutoka Mombasa: ipi uinunue kwanza

Likizo ikikaribia, simu yangu hujaa matangazo ya paketi za safari: milima, maporomoko, ndovu mbele ya Kilimanjaro, na bei imekolezwa rangi nyekundu chini. Nimezinunua kadhaa, za familia na za chama chetu cha akina mama. Siku hizi swali langu la kwanza kwa muuzaji si bei. Namuuliza: tutafika saa ngapi, na tutaondoka saa ngapi?

Nilijifunza kwa kuumia. Safari yangu ya kwanza ya Tsavo tuliahidiwa gari saa 10 alfajiri pale Buxton, likaja saa 4 asubuhi. Tulifika chemchemi za Mzima jua likiwa la utosi, tukapewa dakika 40, tukaitwa garini. Watoto walirudi wameona vichaka na vumbi. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa kupima muda unaoupata mahali penyewe kwa pesa unayotoa.

1. Mzima, Tsavo Magharibi

Hata baada ya mkasa ule, hii ndiyo naiweka mbele, na sababu yangu ni moja: maji yale ni yetu. Mvua hunyesha kwenye vilima vya Chyulu, ikazama katika miamba ya volkeno yenye matundu, ikasafiri chini kwa chini, kisha ikabubujika Mzima ikiwa imechujika hadi unawahesabu samaki. Tangu miaka ya 1950 bomba limekuwa likileta sehemu ya maji hayo Mombasa. Sisi tuliokua tukinunua maji kwa mkokoteni na kuyahifadhi kwenye madumu, kusimama pale yanapozaliwa ni jambo jingine kabisa. Pande zote ni nyika kavu. Katikati pana mikindu, viboko na mamba, na chumba kidogo cha vioo kilichozama majini ambamo unatazama samaki wakipita usawa wa macho yako.

Hapo karibu kuna Shetani, zulia la lava nyeusi lililomwagika karne ya 19. Wenyeji waliona moto ukitoka ardhini, na jina likabaki. Vaa viatu vilivyofunika mguu, mawe yake yanakata.

Nunua ya siku mbili, ulale huko. Ya siku moja ni kuuziwa barabara. Ukipanda treni ya SGR ile inayosimama vituo vidogo, ushuke Mtito Andei gari likikungoja, unaokoa mgongo na saa kadhaa.

2. Kisite na Wasini

Hifadhi ya bahari na kisiwa, pwani ya kusini: hapa msimu ndio bei. Kaskazi ikivuma, hasa Januari na Februari, bahari ya Shimoni hutulia, maji huwa maangavu, na pomboo huonekana mara nyingi. Kusi ikishika, Juni hadi Agosti, unaweza kulipa pesa ileile ukatapika njia nzima. Paketi ya Agosti inayouzwa rahisi, mwulize muuzaji atafanya nini bahari ikichafuka: atarudisha pesa au atabadilisha siku? Uliza pia kama kuna jaketi za kuokolea za saizi ya watoto. Na usikubali kukatiwa Wasini. Ile bustani ya matumbawe iliyosimama nchi kavu, na daraja la mbao juu yake, inatunzwa na akina mama wa kisiwani.

3. Marafa

Bonde la mchanga mwekundu, mweupe na wa rangi ya chungwa, upande wa bara kutoka Malindi. Wagiriama hupaita Nyari. Rangi huwaka jua likitua, basi paketi inayokufikisha saa 7 mchana haina maana. Mchukue kijana wa pale akutembeze. Hadithi ya tajiri aliyeoga maziwa inafaa kusikilizwa ukiwa unalitazama korongo.

4. Shimba Hills

Huhitaji paketi. Vuka Likoni au pita Dongo Kundu, panda Kwale, utembee na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, hadi maporomoko ya Sheldrick. Ni bonde la msitu, na Kenya nzima ni hapa tu utamwona palahala, swala mkubwa mwenye pembe ndefu zilizopinda nyuma.

Ukiwa na akiba kubwa

Ngorongoro ya Tanzania kabla ya Victoria Falls, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe. Ngorongoro unafika kwa barabara kupitia Taveta, na bonde lile la kilomita za mraba 260, lenye kina cha mita 600 hivi, halikinaishi. Victoria Falls hubadilika mno: Aprili maji hufunika kila kitu kwa mvuke, Oktoba na Novemba upande wa Zambia hubaki karibu mwamba mtupu. Tiketi za bei nafuu za miezi hiyo zipite. Kote kuwili chukua cheti cha chanjo ya homa ya manjano.

Ada za mbuga za KWS hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa malipo wa serikali, hivyo dai risiti yenye kiwango cha raia, na ubebe kitambulisho. Mimi nimeshaweka amana ya Mzima ya Disemba. Kwenye risiti nimemfanya muuzaji aandike kwa mkono wake: chemchemini kabla ya saa 2 asubuhi, kuondoka saa 5.