Mvinyo mwekundu mzito kwa joto la Malindi: ununue upi kwanza

Mtu akiniuliza anunue mvinyo gani, mimi humuuliza kwanza ameuona wapi. Kaskazi ikishavuma, duka lisilo na kiyoyozi hapa Malindi ni jiko, na chupa iliyosimama dirishani imekwisha kupikwa. Tazama shingo: kizibo kikiwa kimejitokeza, au pana mchirizi unaonata, irudishe, hata kama imeshushwa bei. Hasa ikiwa imeshushwa bei. Niliwahi kubeba mbili za namna hiyo. Zilinuka zabibu kavu zilizochemshwa.

Tunazungumzia mvinyo wa kuchanganya, zabibu aina mbili au zaidi, kila moja ikifidia pungufu la mwenzake. Ule mzito huwa mweusi glasini, pombe asilimia 14 hivi, na huacha ulimini ukakasi kama wa bibo. Ukakasi huo, yaani tanini, hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, na mbele ya nyama yenye mafuta hulainika.

Nambari moja kwangu ni mchanganyiko wa zabibu za Grenache, Syrah na Mourvèdre. Kwao ni kusini mwa bonde la Rhône, Ufaransa; Waaustralia huandika GSM tu. Grenache huleta ulaini na tunda lililoiva, Syrah pilipili manga, Mourvèdre ugumu na harufu inayokaribia nyama. Sasa weka sahani ya pilau ya mbuzi mbele yako, na bizari yake na mdalasini, uniambie kama unahitaji maelezo zaidi. Kachumbari tu usiitie pilipili nyingi, maana pombe huzidisha ule moto.

Wa pili ni wa Afrika Kusini wenye zabibu ya Pinotage ndani, pamoja na Cabernet Sauvignon au Merlot. Pinotage ilizalishwa Stellenbosch mwaka 1925 na Abraham Perold, aliyepandanisha Pinot Noir na Cinsaut. Ukiwa mzuri una moshi kidogo, na mishikaki haitaki kingine. Ukiwa mbaya unanuka mpira ulioungua.

Wa tatu, na hapa majirani zangu Waitaliano wataninunia, ni wa Toscana. Miaka ya 1970 baadhi ya watengenezaji walichanganya zabibu za Sangiovese na Cabernet kinyume cha kanuni za Chianti, mvinyo maarufu wa huko, wakalazimika kuuza kama mvinyo wa mezani, daraja la chini kabisa, kwa bei ya juu kabisa. Siku hizi mingi huandikwa IGT Toscana, daraja linalotaja eneo ulikotoka mvinyo. Uchachu wake hufaa tambi za nyanya, lakini humu mjini unalipia lebo. Amarone, mvinyo mwingine wa Italia, wa zabibu zilizokaushwa, ungoje baridi ya Julai.

Bordeaux ya Ufaransa ya bei ya chini? Pita.

Kwa samaki usinunue hata mmoja kati ya hii. Nguru na mvinyo mzito huacha ladha ya chuma mdomoni. Na ukiambiwa mwekundu hunywewa kwa joto la chumba, jua chumba hicho ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18. Chako Malindi kina 30. Tia chupa kwenye friji saa moja na nusu hivi kabla wageni hawajafika.