Tathmini ya faiba ya nyumbani baada ya kasi kushuka ghafla mara mbili

Kwa miezi kumi na minne sasa ninatumia intaneti ya faiba, yaani inayoletwa kwa mwanga ndani ya waya mwembamba wa kioo, ya kampuni moja ya hapa Dar es Salaam, nyumbani kwangu Tabata, kwa kifurushi cha megabiti 50 kwa sekunde. Ningeweza kuimaliza tathmini hii kwa sentensi moja tu, kwamba huduma inafanya kazi na malipo yake hayaniumizi, lau si mara mbili ambazo kasi ilishuka ghafla, kwa sababu mbili zisizohusiana kabisa. Jina la kampuni silitaji, kwa kuwa majirani zangu wanaotumia kampuni nyingine wamenisimulia mambo yaleyale, na ninalotaka kulipima hapa ni namna mtoa huduma anavyomsaidia mteja kulitafuta tatizo pale linapojitokeza.

Mara ya kwanza ilikuwa siku ambayo umeme ulikatika alasiri ukarudi magharibi. Kazi yangu ni kufundisha Kiswahili kwa wageni kwa njia ya video, na saa mbili usiku nilikuwa na darasa. Dakika ya tano tu mwanafunzi wangu aliniambia kwamba uso wangu umeganda na sauti inafika vipande vipande. Nilipopima kasi kwa simu nilipata megabiti 6, ilhali asubuhi ya siku hiyohiyo nilikuwa nimepata 47. Nilipiga simu huduma kwa wateja, nikapokelewa kwa adabu sana: “Samahani kwa usumbufu, mama. Tafadhali zima ruta, usubiri sekunde thelathini, kisha uiwashe tena.” Nikazima, nikawasha, nikapata 7. Siku iliyofuata nikapiga tena mara mbili, nikajibiwa na watu wawili tofauti, na wote wakanipa dawa ileile.

Sisemi kwamba kuzima na kuwasha ni upuuzi. Ruta, kile kifaa kinachosambaza intaneti ndani ya nyumba, ni kompyuta ndogo, nayo inapowaka upya husafisha kumbukumbu yake na kutafuta kwa mara nyingine chaneli, yaani njia ya hewani ya kurushia waifai, na mara nyingi hilo hutosha. Lawama yangu ni kwamba hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyeniuliza swali ambalo lingeligawa tatizo katika sehemu mbili kwa dakika moja, nalo ni kama nimepima kwa waya. Kasi inayoonekana kwenye simu imepita njia mbili: kwanza waya wa faiba unaoingia nyumbani hadi kwenye ruta, kisha hewani kutoka kwenye ruta hadi mkononi. Ukipima kwa waifai peke yake hujui ni njia ipi iliyoharibika, na ukiilaumu kampuni huenda unaisingizia.

Wazo la waya alinipa mpwa wangu, ambaye alikuja na waya wa mtandao wa mita mbili akauchomeka kati ya ruta na kompyuta yangu mpakato, tukazima waifai ya kompyuta na kupima. Tulipata 48. Maana yake kampuni ilikuwa ikileta kile ninachokilipia, na kasi ilikuwa ikipotelea humu humu ndani ya nyumba. (Tahadhari moja kwa wenye vifurushi vikubwa: waya wa zamani, au ambao nyuzi zake za ndani zimekatika, unaweza kuishia megabiti 100 hata kama umelipia 200. Kwangu haukuwa na madhara.)

Ruta waliyonipa hurusha waifai kwa masafa mawili ya mawimbi ya redio, gigahezi 2.4 na gigahezi 5, lakini imepangwa kiwandani itumie jina moja kwa yote mawili, na simu au kompyuta ndiyo inayojichagulia. Masafa ya 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi na kufika mbali, ila njia zake ni chache: chaneli zinapishana kiasi kwamba ni tatu tu, yaani 1, 6 na 11, zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana. Nilipakua programu ya kuonyesha mitandao ya jirani, nikahesabu mitandao kumi na saba inayofika sebuleni kwangu, kumi na mmoja kati yake ikiwa imejazana kwenye chaneli 6, na wangu ukiwemo. Hapo ndipo nilipouelewa ule umeme uliokatika. Umeme unaporudi mtaa mzima kwa pamoja, ruta zote huamka kwa wakati mmoja, kila moja hutazama huku na huku ikaona chaneli bado nyeupe, kisha nyingi hujikuta zimekaa mahali pamoja kama abiria waliogombea daladala moja. Kompyuta yangu nayo, sijui kwa nini, ilikuwa imeng'ang'ania 2.4 ingawa iko mita nne kutoka kwenye ruta.

Marekebisho yalichukua kama nusu saa. Niliyapa masafa mawili majina tofauti, nikaiunganisha kompyuta ya kazi na 5 peke yake, na nikaihamishia ile ya 2.4 kwenye chaneli 11, ambako nilihesabu mitandao miwili tu. Kisha niliitoa ruta nyuma ya televisheni, ndani ya kabati la mbao ambamo ilikuwa na joto la kuweza kukausha leso, nikaiweka juu ya rafu iliyo wazi. Ndani ya chumba cha kazi nikapata 43 bila waya. Chumba cha mwisho cha watoto, ambacho kiko nyuma ya kuta mbili za tofali, kilibaki na 12 kwa masafa ya 2.4, na kwa katuni zao zinatosha kabisa.

Nikiwa bado ndani ya ukurasa wa mipangilio ya ruta, unaofunguliwa kwa kivinjari, niliona pia orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Sisi tunavyo tisa. Orodha ilikuwa na kumi na vinne. Nilipouliza nyumbani, kijana wangu alinyamaza kwa muda kisha akasema kwamba aliwapa “wenzake wawili tu” nenosiri, na hao wawili bila shaka wana ndugu. Nililibadilisha usiku uleule. Kijana huyohuyo ndiye aliyekuwa akidai tunaibiwa kwa kuwa mchezo wake unapakuliwa kwa 6 badala ya 50, na ilibidi nimweleze kwamba kampuni inauza kwa megabiti ilhali mchezo unahesabu kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane, kwa hiyo 6 yake ndiyo 50 yangu. Jambo hili lingestahili kuandikwa kwa herufi kubwa kwenye mkataba, wala sijaliona popote.

Miezi mitano baadaye kasi ilianguka tena, na safari hii nilianza na waya. Nilipata 4 kwa waya, kisha 9, kisha 3, na taa ya ruta inayoonyesha mawasiliano ya faiba, ambayo kwa kawaida hutulia na kuwa ya kijani, ilikuwa ikipepesa kila baada ya dakika chache. Shaka yangu ya kwanza ilikwenda baharini. Sijaisahau Jumapili ya 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom, zinazotuletea intaneti chini ya bahari, zilipopata hitilafu kwa pamoja na intaneti ikadorora Tanzania na nchi nyingine kadhaa za ukanda huu. Lakini hitilafu ya namna hiyo huwapiga wengi kwa pamoja, na simu yangu yenye laini ya kampuni nyingine ilikuwa ikienda kasi bila shida, na jirani anayetumia faiba ya kampuni hiihii naye hakuwa na malalamiko. Tatizo lilikuwa langu peke yangu.

Kuna jambo ambalo fundi aliyenifungia huduma alilifanya siku ya kwanza, nami sikulitilia maanani wakati huo: alibandika chini ya ruta kipande cha karatasi chenye tarehe na namba -19. Hiyo ni nguvu ya mwanga unaofika nyumbani kupitia waya wa faiba, kwa kipimo cha dBm, na ruta nyingi za faiba huionyesha kwenye ukurasa wake wa hali ya mtandao. Kadiri namba inavyozidi kwenda chini ya sifuri ndivyo mwanga unavyopungua, na kila namba tatu zinazoongezeka huupunguza mwanga kwa nusu. Siku hiyo ukurasa wangu ulionyesha -28. Tofauti ya tisa maana yake ni nusu ya nusu ya nusu, yaani mwanga uliokuwa ukifika ulikuwa takriban sehemu moja ya nane ya ule wa siku ya kufungiwa, na ruta za aina hii huanza kupoteza mawasiliano karibu na hapo.

Nilipiga simu, na dada aliyepokea akaanza: “Tafadhali zima ruta…” Nikamwomba radhi kwa kumkatiza, nikamsomea namba zote mbili, ya siku ya kufungiwa na ya siku ile. Kulikuwa na kimya kifupi, halafu akasema, “Naomba nikuunganishe na kitengo cha ufundi.” Ndani ya dakika kumi nikawa na namba ya malalamiko. Mteja asiyejua kuusoma ukurasa wa ruta angezimishwa na kuwashishwa ruta kwa wiki nzima, ilhali kampuni yenyewe ina uwezo wa kuziona namba hizo kutoka ofisini kwao bila kumsumbua mtu.

Fundi alifika siku ya tatu, na hapa ndipo ninapowapa sifa zao. Alikuwa kijana mtulivu, akavua viatu mlangoni, akasikiliza maelezo yote kabla ya kugusa kitu. Alichomoa ule waya mwembamba mweupe kwenye ruta, akachomeka mwishoni mwake kifaa kama kalamu nene, akaniomba nifunge pazia. Kalamu ile hurusha mwanga mwekundu ndani ya waya, na waya ukiwa mzima mwanga hauonekani njiani. Chumba kilipokuwa giza tuliona nyuma ya kabati la vitabu alama nyekundu inang'aa kama kaa la moto, mahali ambapo mguu wa kabati ulikuwa umeubana waya kwenye kona ya ukuta. Mwanga ulikuwa ukivujia hapo. “Mama, huyu hapendi kona,” alisema, akiunyoosha waya kwa vidole viwili. “Ukimkunja sana, anamwaga.”

Kabati tulilisogeza wenyewe wiki moja kabla, tulipokuwa tukipaka rangi. Kwa hiyo kosa lilikuwa letu, na ninaliandika wazi kwa kuwa nilikwisha kuandaa kichwani barua kali ya malalamiko. Fundi alibadilisha kipande kile cha waya, akakisafisha kichwa chake cha kijani kwa kifaa maalumu, kwani hata chembe ya vumbi hapo huziba sehemu ya mwanga, kisha akaupitisha waya juu ya fremu ya mlango kwa mzunguko mpana. Namba ikawa -20, na kasi kwa waya 49. Alibandika karatasi mpya chini ya ruta, juu ya ile ya zamani, na hakudai malipo yoyote.

Kwa upande wa laini yenyewe ninawapa alama za juu. Ijumaa na Jumamosi usiku kasi hushuka taratibu hadi 35 hivi, jambo ninalolivumilia, kwani katika faiba za namna hii nyumba nyingi, mara nyingi hadi 32 au 64, hugawana laini moja inayotoka kituoni, na watu wote wanapotazama mpira kwa wakati mmoja lazima iguse kila mtu. Kushuka kwa namna hiyo kuna saa zake na hurudi penyewe usiku wa manane, tofauti na kule kuporomoka kwa ghafla nilikokueleza hapo juu.

Ruta ni ya wastani. Inastahimili vifaa vyetu tisa, lakini inapata joto haraka, na ile tabia ya kuunganisha masafa mawili chini ya jina moja inawasumbua wateja ambao hawatawahi kufungua ukurasa wa mipangilio. Fundi wa kwanza angeweza kuyatenganisha majina siku ya kufunga kwa dakika mbili.

Huduma kwa wateja kwa simu ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Wana adabu, simu inapokelewa upesi, lakini wanasoma karatasi moja kwa kila mgonjwa. Maswali matatu yangetosha kuwabadilisha: umepima kwa waya au kwa waifai, taa ya faiba inapepesa au imetulia, na je, kuna samani iliyohamishwa nyumbani hivi karibuni. Hilo la tatu ningelicheka kabla ya mwaka huu.

Nimeulipia tena mkataba wa miezi sita. Siku ile fundi alipoondoka nilitumiwa ujumbe kwamba ningefidiwa siku tatu nilizokaa bila huduma ya maana, ingawa sikuwa nimeomba. Hadi ninapoandika, wiki ya tano, siku hizo hazijaongezwa kwenye akaunti yangu, na kwa ajili hiyo peke yake ninawapa nyota tatu na nusu mahali ambapo ningewapa nne.