Rafu za chuma Goma: rangi ya mafuta au epoksi?
Hapa Goma, moshi wa volkano ya Nyiragongo huifanya mvua kuwa na asidi, na bati zetu hazidumu. Rafu za depo nazo huanza kutu miguuni, pale maji ya deki yanapotuama.

Rangi ya mafuta juu ya praima nyekundu (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) ni nafuu. Inavumilia chuma kilichosuguliwa kwa brashi ya waya tu, na ikichubuka unaziba mwenyewe.

Epoksi, rangi ya makopo mawili (rangi yenyewe na kigandishi), ni ghali. Ukishayachanganya, inaganda ndani ya saa chache. Ikikuta vumbi au grisi, inabanduka kama ganda la kiazi. Lakini ikishika vizuri, unyevu na sabuni haviiwezi. Penye samaki wa chumvi ningeitumia. Kwa unga na nguo, rangi ya mafuta inatosha, mradi magamba ya kutu yametoka yote.